Mara Tatu Juu ya Mstari Mmoja

Mwalimu wangu wa chuo, chuo cha Kurani, aliogopa kuteleza. Naanza na hilo kwa sababu ndilo tulilolicheka kwanza. Habari za ukoo wake waulize wenyewe wa Likoni, watakutajia mababu mpaka uombe maji. Mimi nitakwambia jinsi alivyoshuka zile ngazi tatu za birika la kutawadhia la msikiti: mkono mmoja ukutani, mwingine umekamata kanzu, na kila ngazi akiipapasa kwanza kwa kidole gumba cha mguu. Waliokuwa nyuma yake walingoja. Mvua ikinyesha hakutoka nyumbani, na sisi wanafunzi tuliiombea mvua dua ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha.

Na mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa shabiki wa mchezo wa Wazungu wa kuteleza juu ya barafu. Kutoka feri mpaka Mtongwe sidhani kama alikuwako wa pili. Nimeishi miaka mingi tangu wakati ule, nimeona watu wakizimia kwa sababu ya mpira, lakini sijaona mapenzi kama yale ya mzee yule kwa mchezo ambao jumla ya dakika alizoutazama ukichezwa hazikufika mbili.

Dakika hizo alizipata kwenye gari la sinema la serikali. Lilikuwa likija uwanjani kwetu mara moja moja, miaka ile ya mwisho ya hamsini, likatundika shuka jeupe na kutuonyesha namna ya kuchimba choo na namna ya kuogesha ng'ombe ambao hatukuwa nao. Katikati walipenyeza habari za dunia. Mwalimu alikuwa anatoka msikitini, akasimama kando aone watu wanacheka nini. Wasichana wawili wa Kizungu walipita juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini, wakazunguka kama pia, watu wakapiga mbinja. Kisha ikaonekana picha fupi ya mzee mwenye koti zito, amepiga magoti juu ya barafu, pua karibu iguse chini.

Kesho yake aliniita. Mimi chuo nilikuwa nimekimaliza zamani, nilikuwa na miaka ishirini hivi na nilifanya kazi ya ukarani upande wa Kilindini, lakini mwanafunzi wa chuo haachi kuwa mwanafunzi. Nilimbusu mkono, nikakaa. Akaniuliza yule mzee wa kwenye shuka alikuwa anatafuta nini chini. Nikamwambia pengine ameangusha kitu.

"La," akasema. "Alikuwa akisoma. Vile ndivyo nisomavyo vibao vyenu."

Hapa sina budi kueleza vibao. Chuoni kwake tulijifunza kuandika juu ya mbao, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mwalimu aliandika herufi moja kubwa, na mwanafunzi akapita juu yake mara tatu. Mara tatu, na mstari usinenepe. Ukinenepa ina maana hukupita pale pale. Akimaliza mtoto kuandika, Mwalimu alipiga magoti mbele ya kibao, akakiinamia mpaka ndevu zikagusa ubao, kisha akasema neno moja ambalo wengine tunaliota mpaka leo: "Rudia." Hakusema "vibaya", hakusema "mjinga wewe". Mkwaju alikuwa nao, umetundikwa ukutani, na buibui wa nyumba alijenga juu yake bila kusumbuliwa na mtu. Siku aliporidhika hakukusifu. Alinyamaza tu, ukajua, ukaenda kukiosha kibao chako.

Neno hilo hilo alilitumia kwa uongo pia. Mtoto akiletwa kwa kosa, aliambiwa aeleze lilivyokuwa. Akimaliza: rudia. Akimaliza tena: rudia. Alikuwa na msemo kwamba uongo hauwezi kupita njia yake mara tatu. Nami nashuhudia ni kweli, kwa sababu embe za jirani ziliwahi kuniponza. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu mtini, mara ya pili tulikuwa wawili, na ya tatu mti wenyewe ulikuwa umehamia upande wa pili wa ua.

Swali la mzee aliyepiga magoti lilimkaa rohoni, na aliyemletea jawabu ni mkewe. Sisi tulimwita Bi Mwalimu. Alifuga kuku, na kila Alhamisi alipeleka mayai kwa bibi mmoja wa Kizungu, mzee sana, aliyekaa peke yake kwenye nyumba ya bati jekundu karibu na Shelly Beach. Bi Mwalimu akamuuliza yule bibi, kwa Kiswahili chepesi na mikono mingi, kwa nini kwao mtu mzima apige magoti kwenye barafu. Bibi akacheka mpaka akakaa. Kumbe alipokuwa msichana aliucheza mchezo ule. Akaingia ndani, akatoka na mzigo wa magazeti ya picha, na Bi Mwalimu akarudi nao kichwani, mayai yaliyobaki juu yake. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu baadaye watu walisahau kwamba magazeti yale yaliingia nyumbani mle juu ya kichwa cha mwanamke yule.

Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya alasiri nilikwenda kumsomea, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Bi Mwalimu alituletea chai ya tangawizi, akaiweka, akarudi nyuma ya pazia. Na tukajifunza, mimi na Mwalimu, kwamba mashindano yale yana sehemu mbili. Sehemu ya pili ndiyo ile ya muziki, ya kuruka na kuzunguka, watu wamejaa. Lakini ya kwanza huwa asubuhi, viti vitupu, bila muziki. Mchezaji hupewa umbo, aghalabu miduara miwili iliyoshikana, akalichora kwa mguu mmoja juu ya barafu, kisha akapita juu ya mchoro wake mara tatu. Waamuzi humwacha aondoke, halafu ndipo huinama kuangalia kama mistari mitatu imekuwa mmoja.

Niliposoma "mara tatu" Mwalimu alinishika mkono. Akataka nisome tena. Nikasoma. Akataka mara ya tatu, nikasoma, ikawa ile ile, na macho ya mzee yakalowa. Sikucheka. Fikiria mtu amefundisha kitu miaka thelathini katika banda la makuti, watu wakimwona kuwa ana wazimu wa herufi, kisha anasikia kwamba upande wa pili wa dunia kuna watu wanavuka bahari kwenda kupimana kwa kitu hicho hicho.

Tangu siku ile hakuuita mchezo. Aliuita khati ya barafu, yaani mwandiko.

Wachezaji majina yao ya kweli yalimshinda, na mengine hata mimi yalinishinda, kwa hiyo aliwapa yake. Kulikuwa na Kipanga, msichana aliyeruka juu kuliko wote na kila gazeti likimweka ukurasa wa mbele. Kulikuwa na Karani, mwanamume mwembamba aliyecheza amevaa tai, ambaye Mwalimu alimheshimu kwa mavazi na kumdharau kwa miduara. Na kulikuwa na Binti Mstari. Huyu hakuwa mzuri wa sura wala mrukaji. Asubuhi alikuwa wa kwanza karibu kila mara, na ikifika ya muziki akapitwa na Kipanga, akawa wa pili, au wa tatu. Katika magazeti yote yale alikuwa na picha moja nzuri: amesimama kando, mikono nyuma, anaangalia chini kwenye barafu alikopita. Mwalimu aliweza kuitazama picha hiyo mpaka chai ikapoa.

Watu wanaokuja wakati wa muziki peke yake, alisema, ni wale wanaoingia harusini pilau inapopakuliwa. Nikamwambia hata mimi ningelipa kumwona Kipanga akiruka. Akasema hilo halimshangazi, kwa kuwa herufi zangu zilikuwa na mikia mirefu tangu utotoni.

Alikuwa na hasira na waamuzi pia, hasira ya shabiki kabisa. Alama ya juu ilikuwa sita, na tulipoona kwamba mwamuzi fulani alimpa wa kwao nyingi kuliko wenziwe wote walivyompa, Mwalimu alisimama, akazunguka chumba. Akasema huyo ni mjomba wa bibi harusi, asingepaswa kuulizwa kama bibi harusi ni mzuri. Alitaka nimwandikie barua. Nikaiandika, tena kwa Kiingereza changu bora, kisha tukakumbuka kwamba gazeti lina miaka minne na huenda mwamuzi mwenyewe keshakufa. Aliikunja barua, akaitia ndani ya msahafu wa zamani alimowekea karatasi asizotaka kuzitupa.

Leo mchezo huo nimeuona kwenye televisheni mara nyingi. Nasikia ile sehemu ya asubuhi waliifuta kabisa, kwa sababu watazamaji walichoka nayo. Nilishukuru kwamba Mwalimu hakuishi kuisikia.

Picha alizibandika kwenye buku kuukuu nililomletea kutoka ofisini, ambalo lilikuwa litupwe. Lakini kabla ya kubandika alizifanyia kazi moja, na hapo ndipo palipo na ajabu ya mzee yule. Wasichana wale, kama ujuavyo, huvaa sketi fupi. Mwalimu alichukua kalamu ya mwanzi na wino wa masizi, akawavika. Kila mmoja alimshushia sketi mpaka kwenye kifundo cha mguu, kwa mkono mzuri, mikunjo ikianguka inavyopasa, hata Kipanga aliyekuwa hewani miguu imetawanyika alivikwa sketi inayopepea. Zile picha za mume na mke wanaocheza wameshikana alizibandika uso kwa uso kwa uji wa muhogo, zisitazamike. Wanafunzi wa kike chuoni kwake aliwaketisha nyuma ya shuka, kama desturi ilivyokuwa, na bado aliniambia siku moja kwamba laiti angekuwa na mvulana mmoja mwenye mguu wenye adabu kama wa Binti Mstari, angekufa ameridhika.

Bi Mwalimu hakulipenda buku lile. Kuleta magazeti aliyaleta, lakini alipoyaona yaliyomo alijuta, na alisema wazi, hata mbele yangu, kwamba ipo siku atalitia jikoni lipikie maharagwe. Mwalimu alimjibu kwamba wamevaa kuliko yeye. Walitaniana hivyo. Ndoa yao ilikuwa ya namna hiyo, ya maneno makali na chai tamu.

Barafu yenyewe aliishika mara moja tu. Ilikuwa inavuka na feri kutoka mjini, vipande vikubwa ndani ya magunia na maranda, kwenda hotelini Shelly Beach. Mwalimu akamwomba mwenye mkokoteni kipande. Akakiweka kwenye sinia barazani, akachukua kisu cha kalamu, akachora mduara, akapita juu yake mara ya pili. Ya tatu hakuiwahi, mchoro ulikuwa umekwisha kuwa maji. Watoto wakalamba kilichobaki. Akasema ni sawasawa na kibao: waandika, wasomewa, kisha yafutwa. Barafu haikumtia huzuni. Aliyetiwa huzuni nilikuwa mimi, nilitamani mzee apate japo kidimbwi kimoja.

Na siku moja maji yalipokupwa, alinichukua ufukweni. Mchanga mtupu ulikuwa umelowa na kukaza. Akavua makubadhi, akafunga kamba kwenye kijiti kama waashi wafanyavyo, akachora mduara, na wa pili ubavuni mwake. Kisha akapita juu yake kwa kisigino, taratibu, mikono imetandazwa, mzee yule aliyeogopa ngazi za birika. Mara tatu. Wavuvi wawili waliokuwa wanaparua samaki waliacha kazi. Alipotoka nje ya mduara alikuwa anahema, akaniambia nikague.

Nikapiga magoti. Mistari ilikuwa miwili, na mahali pengine mitatu kamili. Nikamtazama usoni, nikasema, "Mmoja, Mwalimu."

Akaja akapiga magoti karibu nami, akaangalia kwa muda mrefu.

"Usinitilie alama za mjomba," akasema, akavaa makubadhi yake.

Sasa niseme nililofanya. Tulioujua undani wa buku lile tulikuwa watatu: yeye, mkewe na mimi. Jumamosi moja nilikuwa kwa kinyozi pale karibu na feri, watu wamejaa, kila mmoja ana kisa chake cha kuchekesha, na zamu yangu ikafika. Nikawaambia kwamba Mwalimu wa chuo ana buku zima la wanawake wa Kizungu miguu wazi, na Jumapili analitazama akinywa chai. Sikutaja khati. Sikutaja sketi za wino. Ningezitaja, kisa kisingechekesha. Watu walicheka sana, na mimi nilirudi nyumbani nimenyolewa vizuri na nimefurahi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, wazee watano walikuja barazani kwa Mwalimu. Msemaji wao alikuwa mwenye duka la mtaa, mtu mcha Mungu kweli, aliyekuwa na wajukuu wawili chuoni. Hakuja kwa ubaya. Alisema watu wanasema, na mtoto wa mtu hawezi kufundishwa dini pale ambapo watu wanasema. Ama buku litoke, ama watoto watatoka. Nilikuwapo, kwa sababu Mwalimu aliniita nikaeleze Kiingereza.

Mwalimu alilileta buku mwenyewe, akalifungua mbele yao, akawaonyesha miduara, waamuzi waliopiga magoti, na sketi. Mzee mmoja alipoiona sketi ya Kipanga alicheka akajifunika mdomo kwa kilemba. Nikadhani tumeokoka. Lakini mwenye duka alitazama ukurasa baada ya ukurasa, kisha akafunga buku kwa upole.

"Mwalimu, umewavika vizuri wallahi," akasema. "Lakini hata kumvika mtu, sharti kwanza umwone."

Mwalimu alikuwa na watoto arobaini na sita chuoni na hakuwa na shamba. Akamkabidhi buku.

Jumapili ile nilikwenda kama kawaida, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Chai ililetwa. Mwalimu alingoja pazia litulie, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amemuuliza mkewe kama ni yeye aliyesema nje. Alijibu si yeye. Akamwambia arudie, na Bi Mwalimu akakataa. Akamwambia mumewe: mimi si mtoto wa chuo, neno langu ni moja.

"Amekataa kurudia," Mwalimu akaniambia. "Miaka ishirini na mitatu, na leo akataa kurudia."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai yake. Ningeweza kusema pale pale. Nilikunywa chai.

Neno halikai, likaenda mtaani: kumbe ni mke mwenyewe, si alikuwa akilichukia buku. Wanawake walimwonea huruma kwa namna inayoumiza. Mwalimu hakumfukuza wala hakumgombeza, lakini yale matani yao yalikoma. Aliongea naye kwa adabu, na yeyote anayejua nyumba za watu anajua ubaya wa mke na mume kuongea kwa adabu.

Kisha likatokea jambo. Mwenye duka hakulichoma buku. Alikuwa mtu asiyeharibu karatasi nzuri, akalichana, akawa anafungia bizari na majani ya chai. Ndani ya juma moja Likoni nzima ilikuwa na wachezaji wa barafu jikoni, wamevaa sketi ndefu, wananuka bizari na pilipili. Na Bi Mwalimu, ambaye aliahidi kulipikia maharagwe buku lile, akaanza kununua bizari. Asubuhi ya senti chache, jioni ya senti chache, akichagua amfungie karatasi gani. Watu wakasema anatubia. Karatasi alizikung'uta, akazipanga chini ya godoro upande wa mumewe. Mwalimu aliniambia nyumba yake imekuwa na harufu ya karamu na hakuna karamu.

Alizipata nyingi. Ile ya Binti Mstari anayeangalia chini hakuipata, kwa sababu ilifungia bizari ya mama yangu. Niliiona juu ya meza yetu, nikaikunjua. Ningeweza kuipeleka siku ile ile, ni mwendo wa nyumba kumi na mbili. Nikaitia ndani ya kitabu. Miezi mitatu baadaye ofisi yangu ilinihamishia Nairobi, nikaenda mbio kama mtu aliyeitiwa harusi.

Nairobi nilikaa zaidi ya miaka miwili. Kuna baridi kule, asubuhi nyingine majani yanakuwa meupe kwa umande, na kila nilipoyakanyaga nilitazama nyuma kuona alama ya kiatu changu. Ile picha nilikuwa nayo. Sikuoa katika muda huo, ingawa mama alitafuta. Nilikuwa nahofia siku ambayo mwanamke angeniambia neno lake ni moja.

Nilirudi wiki ya Uhuru. Likoni ilikuwa imechafuka kwa furaha, mafundi cherehani wanashona bendera mpaka vitambaa vimekwisha, na feri inapiga honi bila sababu. Niliposhuka sikwenda kwanza kwa mama. Nilikwenda nyumba ya Mwalimu, begi mkononi.

Alikuwa barazani, kiti kile kile. Jicho moja lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, jeupe. Chuo kilikuwa bado kipo, watoto wamepewa likizo ya bendera, vibao vimepangwa ukutani. Nyuma ya pazia kinu kilikuwa kinatwanga. Nikambusu mkono.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kumbe Nairobi hawakukula."

Tukaulizana hali, tukamaliza, tukaulizana tena kama desturi. Kisha nikatoa ile karatasi, nikaiweka kwenye goti lake. Aliisogeza mpaka karibu na jicho zima. Aliinusa. Harufu ilikuwa haijaisha kabisa. Hakuniuliza nimeipata wapi. Alipitisha kidole juu ya sketi ya wino aliyoichora mwenyewe, kutoka kiunoni mpaka chini.

"Mwalimu," nikasema, "lile neno la kwa kinyozi. Pengine lilinitoka mimi. Ilikuwa mzaha, sikukusudia."

Kinu kilikuwa kinaendelea kutwanga. Mwalimu hakuinua uso.

"Rudia."

"Ni mimi niliyelisema kwa kinyozi. Watu walikuwa wanacheka, nami nikataka nichekeshe."

"Kwanza lilikutoka. Sasa ulitaka. Rudia."

Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara na suti ya Nairobi, na nilijiona mtoto yule yule wa siku ya embe. Kinu kilikuwa kimenyamaza.

"Nilisema mimi," nikasema. "Nilitaka watu wacheke, sikutaja khati wala sketi. Kisha ukamshuku mkeo, na mimi nilikaa hapa nakunywa chai yake, nikanyamaza. Nikakimbia. Si yeye. Hakusema neno kwa mtu."

Nilingoja. Mwalimu hakusema rudia. Alikaa na karatasi yake gotini, mdomo umefumba, na nikajua, kama tulivyojua utotoni, kwamba nimemaliza. Nilidhani ningejisikia mwepesi, lakini haikuwa hivyo. Nilimwona mzee anakunja ile karatasi mara mbili, polepole, nikafahamu kwamba kibao kilichobaki kilikuwa chake, si changu.

Akageuza shingo kuelekea pazia. Akamwita mkewe, si kwa lile la Bi Mwalimu tulilolizoea watu wa nje, bali kwa jina lake.

"Abee," Bi Mwalimu akaitika, bila kutoka.

Mwalimu akajaribu kusimama. Sakafu ya baraza ilikuwa imemwagiwa maji asubuhi na haijakauka. Aliitazama, akatafuta ukuta kwa mkono, akaukosa, akasimama hivyo hivyo bila kushika kitu.

"Niwie radhi," akasema. "Ulisema mara moja, na mara moja ilitosha."

Nje watoto walipita na bendera za karatasi. Nilitamani ardhi inifungukie nipite.

"Rudia," Bi Mwalimu akasema nyuma ya pazia.

Mzee akasafisha koo, akarudia.